Mvua ya Jumatano na shingo ya ndugu yangu

Jumatano jioni Kampala ilinyesha mvua kubwa, na ukumbi tunaofanyia mazoezi ya judo umeezekwa mabati. Kocha alikuwa akifundisha kwa ishara, sauti yake haifiki. Mwenzangu ni kijana wa Bunia, mimi wa Arua. Wengine wote wanaongea Kiganda, sisi wawili tuna Kiswahili chetu, na ananiita ndugu yangu tangu siku ya kwanza.

Zamu yetu ilikuwa okuri-eri-jime, kabali ya ukosi. Unakaa nyuma ya mwenzako. Mkono wa kushoto unapita chini ya kwapa, unavuta ukosi wake wa kushoto uondoe ulegevu. Wa kulia unazunguka shingo, kidole gumba kikiwa ndani, unaushika ukosi ule juu kabisa, karibu na sikio. Kisha mkono wa kushoto unahamia ukosi wa pili na kuuvuta chini. Ukishika chini sana utamwumiza koo, atakohoa tu. Shabaha ni mishipa mikubwa ya pande mbili za shingo inayopeleka damu kichwani. Ikibanwa sawasawa, fahamu hutoka ndani ya sekunde 10 hivi, na maumivu ni machache.

Kwa miezi mingi nilijitahidi kuipata hivyo, safi, bila kukwaruza. Jumatano niliipata.

Nilikuwa nasubiri kusikia kiganja kikipiga mkeka, ishara ya kusalimu amri. Sikusikia. Nilichosikia ni mkoromo, kama wa mtu aliyelala mchana, halafu kichwa chake kikaniegemea kizito. Nikaachia papo hapo. Kocha alifika, akamlaza na kumwita jina. Alifumbua macho baada ya muda mfupi, akaniuliza kwa nini nimesimama.

Alikuwa amepiga mkeka mara mbili. Mvua ikammeza.

Katika kabali 12 zinazotambuliwa na Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882, do-jime, ya kubana kiwiliwili kwa miguu, imepigwa marufuku. Siku zote niliona hatari iko huko, kwenye iliyokatazwa. Lakini hii iliyoruhusiwa, kadiri unavyoijua ndivyo mwenzako anavyochelewa kuonywa na mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuwa macho kwa niaba yake: kuhisi mkono wake ulivyolegea, kuona mguu ulivyotulia. Nilikuwa nayo yote kifuani kwangu, nikategemea masikio.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia simu mara mbili kabla ya saa moja. “Ndugu yangu, niko mzima, acha nioge.”

Ijumaa alikuja, akakaa mbele yangu, akanipa mgongo. Tulikuwa tumekubaliana: kuanzia sasa anayekabwa ampige mwenzake mwilini, mkeka hapana. Nikaweka gumba ndani ya ukosi. Kabla sijavuta chochote, nikahisi kiganja pajani, mara mbili. Nikaachia.

“Sawa,” akasema bila kugeuka. “Sasa vuta.”