Nilivyoizibua peni ya wino ya babu

Mwezi wa nane mwaka jana nilienda Muheza kumsalimia bibi, akanitolea kopo la biskuti ambalo ndani yake kulikuwa na miwani ya babu, stakabadhi za zamani na peni yake ya wino. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, barua zake zote aliandika kwa hiyo peni. Nikaomba nikaitengeneze, bibi akasema chukua mjukuu wangu ila usinivunjie.

Ni Parker 51, zile ambazo nibu, yaani kile kichuma cha kuandikia, imefichwa ndani ya kofia ya plastiki inachungulia ncha tu. Zilianza kuuzwa 1941, ila hii ni ya aina iliyokuja 1948, ukifungua nyuma unakuta ala ya chuma ina sehemu ya kubonyeza na ndani yake kuna kifuko cha plastiki cha kunyonyea wino. Nikabonyeza, pakavu kabisa, hata pumzi haipiti.

Jamani msikimbilie spiriti, inaharibu plastiki. Mimi nilianza na maji ya kawaida tu, nikaweka kitambaa chini ndani ya kikombe cheupe nikaisimamisha peni, nibu chini, maji yafike juu kidogo ya ile pete ya chuma inayofuata baada ya kofia. Asubuhi nabonyeza, jioni nabonyeza namwaga maji naweka mengine. Siku ya kwanza hamna kitu. Siku ya pili nimetoka kazini nakuta uzi mwembamba wa bluu unashuka kutoka kwenye ncha, aisee nilikaa pale nautazama mpaka chai ikapoa, yaani wino alioujaza babu mwenyewe! Wino wa hizi peni ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, ndo maana hata ukikauka miaka maji yanaurudisha. Ule mweusi wa kuchorea, wino wa kihindi, huo usiutie kabisa kwenye peni ya aina hii maana una gundi na ukishakauka humo maji hayautoi.

Siku ya tano maji yanapita ila kwa shida, nikajua lazima niifungue. Hapa ndo nilikosea, nilichukua koleo nikazungushia kitambaa nikakaza, nikasikia kitu kama kimelia kah! nikaacha hapo hapo moyo unanienda mbio. Bahati haikupasuka. Kumbe ile kofia imefungwa kwa kuzungushwa na ikapakwa shelaki, aina ya gundi, na shelaki inalegezwa kwa joto sio kwa nguvu. Nikatia maji ya moto kwenye kikombe, sio ya kuchemka, yale ambayo kidole kinavumilia kidogo tu, nikazamisha nusu ya mbele dakika kadhaa, nikafuta, nikashika kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli maana mpira hautelezi, nikazungusha kushoto taratibu. Haikutoka. Nikarudia, mara ya nne ikaachia yenyewe laini kabisa.

Ndani kuna kitu kama kitana cha duara, meno membamba mengi, kazi yake kushika wino unaozidi ili usidondoke kwenye karatasi. Meno yote yalikuwa yamejaa tope jeusi. Hapo ndo kwenye kazi yenyewe, nilitumia mswaki laini wa mtoto na maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, karibu saa nzima. Angalieni kuna kamrija kembamba kanakoingia kwenye kifuko, kakivunjika peni hainyonyi vizuri, kwa hiyo mkivuta vuteni moja kwa moja bila kupinda.

Kurudisha ni kuangalia tu nibu ikae katikati ya mdomo wa kofia. Nikaacha ikauke usiku kucha, nikajaza wino wa bluu.

Ikaandika, ila ilikuwa inakwaruza nikadhani nimepinda ncha. Nikazungusha peni kidogo kushoto mkononi na hapo ikateleza kama mafuta. Nikampigia bibi kumuuliza babu alikuwa anashikaje peni, akacheka akasema alikuwa analaza daftari upande mpaka wenzake kazini wanamshangaa. Ncha imesagika kufuata mkono wake. Sasa na mimi nalaza daftari.