Kanzu nyeupe, jua la saa saba

Picha za nikahi ya leo ndiyo kwanza zimeingia kwenye kompyuta.

Bwana harusi kwenye ua wa msikiti, kanzu nyeupe, jua la utosini. Kwenye skrini inapendeza. Lakini skrini yenyewe imewashwa mwanga mkali, na jicho huzoea upesi.

Histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa picha, giza kushoto na weupe kulia, haidanganyiki. Mlima umeegemea kulia, na pale mwisho kabisa, kwenye 255, weupe wa juu kabisa, kuna mstari mwembamba umesimama wima kama ukuta.

Huo mstari ndio darizi ya shingoni. Nyuzi nyeupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya mkono, zote zimeungua kwa mwanga kuzidi, zikawa bapa moja.

Tafadhali usikimbilie kushusha mwangaza wa picha nzima, uso utazama gizani. Anza na kitelezi cha Highlights (sehemu zenye mwanga mkali), kama -60, kisha Whites (weupe wa mwisho kabisa) kidogo kidogo. Kwenye Lightroom Classic, programu ya kuhariri picha, shikilia Alt huku unavuta: skrini inakuwa nyeusi, yanabaki madoa tu pale palipoungua. Doa jekundu ni chaneli nyekundu peke yake iliyojaa, hapo bado kuna matumaini. Doa jeupe ni zote tatu: nyekundu, kijani na bluu.

Faili ni RAW, data ghafi ya kamera, kwa hiyo nyuzi zimerudi, moja moja. Ingekuwa JPEG, ungepata kijivu kitupu.

Nyie mnaopiga kanzu na shela juani, kwenye kamera mnashusha mwangaza kiasi gani? Stopu -0.7? Stopu nzima, yaani nusu ya mwanga?