Dansi ya Baba na Binti Shuleni Kwetu Lindi, na Kwa Nini Tumechagua Tendaguru

Kamati ya shule yetu ya msingi hapa Lindi mjini imekubali kwamba mwaka huu ifanyike dansi ya baba na binti kwa wanafunzi wa darasa la sita na la saba, nami nimekabidhiwa kuongoza maandalizi. Nimeona niandike namna tulivyofikia maamuzi yetu, kwa sababu wazazi wa shule nyingine wameanza kuuliza, na kwa sababu naamini kwa dhati kwamba sherehe ya aina hii ikipangwa kwa kuiga picha za mitandaoni tu, itawaumiza watoto wale wale tunaotaka kuwafurahisha.

Desturi yenyewe imetoka mbali. Huko Marekani shule nyingi huandaa jioni ambapo binti huja na baba yake, wote wamependeza, wakacheza muziki, wakapigwa picha, kisha wakarudi nyumbani. Ni jambo jema, lakini hata huko halikukosa mvutano. Mwaka 2012, mjini Cranston katika jimbo la Rhode Island, mamlaka ya shule ilisitisha dansi hizo baada ya malalamiko ya mama mmoja aliyekuwa akimlea binti yake peke yake. Sheria ya taifa lao inaziruhusu sherehe hizo iwapo watoto wa jinsia nyingine nao wanaandaliwa ya kwao, ila sheria ya jimbo haikuwa na ruhusa hiyo. Nililisimulia jambo hilo katika kikao chetu cha kwanza, kwa kuwa swali la mama yule ndilo litakaloulizwa na mama yeyote wa Lindi ambaye baba wa mwanawe amefariki, amehama, au yuko baharini miezi yote.

Hapa kusini tunalo jibu ambalo wazee wetu walituachia. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake kuliko hata baba aliyewazaa. Dini na maisha ya mjini yamebadilisha mengi, na baba wa leo ana nafasi ambayo babu yake hakuwa nayo, lakini posa ikija bado mjomba anaitwa, na mtoto akikosa sare bado mjomba anapigiwa simu. Basi kadi yetu ya mwaliko itaandikwa kwa jina la binti mwenyewe, naye ndiye atakayemtaja mzee wake: baba, mjomba, babu, kaka mkubwa au mlezi. Mlangoni hapataulizwa swali lolote. Mwalimu wa malezi atazungumza na kila msichana faraghani mapema, na jina la atakayemsindikiza litathibitishwa na mama au mlezi wa nyumbani kwa maandishi, jambo ambalo nimelisimamia bila kulegeza kwa kuwa usalama wa mtoto hauachiwi dhana njema peke yake. Mama atakayetaka kuja mwenyewe na binti yake atakuja na kukaa kiti cha mbele kama mgeni mwingine yeyote. Nimekataa pia pendekezo la kwamba akina mama wote wawe jikoni siku hiyo. Wavulana watakuwa na siku yao na mama au shangazi zao.

Suala la mada ya sherehe ndilo lililotuchukua muda mrefu. Yaliletwa mapendekezo ya usiku wa malkia, usiku wa Paris, na dansi ya magauni meupe. Sikuyadharau, kwani watoto wanapenda kung'aa, lakini kila pendekezo lilianza na nguo ya kununua, na nguo yenyewe ilikuwa ya kuagizwa Dar es Salaam. Binti wa mvuvi na binti wa mwendesha bodaboda wangelinganishwa na binti wa mfanyabiashara tangu wanaposhuka getini. Nikawaomba wajumbe tutafute mada inayoanza na kitu cha kutengeneza, kitu ambacho baba asiye na fedha anaweza kukifanya vizuri kuliko baba mwenye nazo. Ndipo mwalimu wa sayansi akataja Tendaguru, na mjadala ukaishia pale.

Watoto wetu wengi wanakua bila kujua kwamba katika kilima cha Tendaguru, ndani ya mkoa huu huu wa Lindi, yalichimbuliwa baadhi ya mabaki makubwa zaidi ya dinosaria kupata kuonekana duniani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walifanya kazi pale, lakini jembe na mzigo vilikuwa mikononi na mabegani mwa watu wa huku. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, njaa ilikuwa imeipiga nchi, na mamia ya wanaume walikwenda kutafuta kibarua kilimani, wengi wao wakiishi pale na wake na watoto wao. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilikuja kupewa dinosaria mmoja wa Tendaguru mwaka 2007, Australodocus bohetii. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikabebwa kwa miguu safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kisha ikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama hao, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Mimi ni miongoni mwa wanaotamani kwamba angalau sehemu ya mifupa ile ionekane Lindi, lakini hilo si la kamati ya shule kuliamua. La kamati ni kuhakikisha kwamba binti wa Lindi anamjua Boheti bin Amrani kabla hajamjua malkia wa hadithi za kigeni.

Kwa hiyo kila binti na mzee wake watatengeneza nyumbani mfano wa mfupa mmoja wa dinosaria. Mwalimu wa sayansi ameandaa orodha ya vipande vyote, kuanzia fuvu, pingili za shingo, mbavu, miguu, hadi ncha ya mkia, na kila kipande kina kipimo chake. Vifaa ni mianzi, kamba ya katani, karatasi za mifuko ya saruji, na gundi ya uji wa muhogo ambayo kila nyumba inaweza kuipika. Ndani ya mfupa wataandika majina yao wawili. Siku ya sherehe wataingia uwanjani kwa mstari, baba na binti wamebeba mfupa wao begani kama wapagazi wa zamani, na kiunzi kitaungwa mbele ya wageni kabla muziki haujaanza. Nimeiweka sehemu hii mwanzoni kwa makusudi. Wako wanaume waliozoea kusimama pembeni katika kila shughuli ya watoto, si kwa kukosa upendo bali kwa kutojua mikono yao iwe wapi, na huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo acheze mbele za watu akiwa ameingia dakika hiyo hiyo. Akishafunga pingili ya shingo mahali pake, na binti yake akamshikia kamba, tayari yumo ndani ya shughuli. Jioni mbili tatu za kukata mianzi uani, wakibishana kuhusu kipimo, kwangu mimi zina thamani kubwa kuliko saa moja ya muziki.

Kuhusu uchezaji, wazee walikuja na hoja ambayo niliipokea kwa heshima. Mila zetu zinaweka staha kati ya baba na binti aliyekaribia kuvunja ungo, na mambo ya unyago ni ya makungwi na akina mama, baba hayasogelei. Wakauliza kama dansi hii haitavunja staha hiyo. Jibu letu liko katika mpangilio wa uchezaji. Watu hawatacheza kwa kukumbatiana kama maharusi, bali kwa mistari, bega kwa bega, hatua zile za kwaito ambazo kila aliyehudhuria harusi nchi hii anazifahamu. Sindimba itachezwa na kikundi cha utamaduni cha shule, wageni wakitazama, kwa kuwa ngoma ile ina asili yake katika jando na unyago, na si busara kuwaingiza baba na binti pamoja ndani yake. Wazee waliridhika, na mmoja wao amejitolea kuwafundisha wapiga ngoma wetu.

Tarehe imeamuliwa na korosho. Kuanzia Juni hadi Agosti akina baba wengi wako mashambani wakipuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga, na minada inapofunguliwa Oktoba hakuna atakayemkuta mtu mjini. Imebaki nafasi ya Septemba, Jumamosi inayofuata baada ya darasa la saba kumaliza mtihani wa taifa, kabla hawajatawanyika. Ubaya wake ni kwamba wakati huo mifukoni hakuna kitu, fedha za msimu hazijaingia, na tangu elimu bila malipo ianze kutekelezwa mwaka 2016 michango ya lazima shuleni hairuhusiwi. Mchango utakuwa wa hiari, wa fedha au wa kitu. Ameahidi mtu turubai, mwingine spika, na viti tutaazima msikitini na kanisani. Tutaanza saa kumi, baada ya swala ya alasiri, na kumaliza kabla ya magharibi, hivyo hatutahitaji taa wala genereta, na wasichana watafika nyumbani kungali na mwanga. Kutakuwa na mihogo ya kukaanga, korosho, madafu na juisi ya mabibo, ikiwa yameanza kuiva. Juisi hiyo lazima ikamuliwe asubuhi ya siku ile ile, kwa kuwa ikilala inaanza kuchacha kuelekea uraka, yaani pombe ya mabibo, na uraka hauna nafasi katika sherehe ya watoto.

Mavazi ni kitenge au kanga ambayo tayari ipo nyumbani, na kwa akina baba shati safi linatosha. Mpiga picha ni mmoja, wa shule, na picha za watoto hazitawekwa mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Orodha ya mifupa itabandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu. Pingili za mkia ndizo nyingi na ndizo rahisi, kwa hiyo nawashauri akina baba wenye kazi za zamu wachague hizo mapema, na mafundi seremala watuachie mapaja na fuvu. Atakayekosa mianzi aje shuleni Jumamosi asubuhi na panga lake; tumepewa ruhusa ya kukata katika shamba la jirani, na usafiri wa kuibeba upo.