Mavuno mawili, chupa mbili: habari za msimu kutoka Mpunguzi

Wiki iliyopita tulimaliza kupogoa mizabibu ya shamba la chini hapa Mpunguzi, Dodoma, na asubuhi ya leo nilipopita katikati ya mistari niliona tone la maji likining'inia kwenye ncha ya karibu kila tawi lililokatwa. Baba husema kwamba mzabibu unatoa machozi, naye huyafurahia machozi hayo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, kwa sababu yanaonyesha kwamba mizizi imeamka na kwamba baada ya wiki mbili hivi macho ya matawi yatapasuka na kuchipua. Kwetu, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo cha familia, huu ndio wakati wa kutoa hesabu ya yaliyovunwa na kutangaza kilichomo ghalani. Safari hii ninatangaza mvinyo wa aina mbili, nami ninaomba msomaji anivumilie nieleze kwanza kwa nini ni aina mbili, ilhali miaka yote tumekuwa tukitoa moja.

Dodoma ina jambo ambalo nchi nyingi maarufu kwa mvinyo hazina: mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Kule Ufaransa au Italia baridi ya miezi kadhaa huulaza mti, nao huamka wenyewe joto linaporudi. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo kinachouamsha mzabibu ni mkasi. Ukipogoa Aprili au Mei, mvua zinapokatika, utavuna Agosti na Septemba. Ukipogoa Oktoba au Novemba, utavuna Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha. Kutoka mkasi hadi kichala kilichoiva ni takribani miezi minne. Mti ni uleule, udongo ni uleule, na aina ni ileile ya Makutupora Nyekundu inayotawala mashamba ya mkoa huu, lakini zabibu zinazoingia kwenye makreti si zilezile hata kidogo.

Zabibu za Septemba hukua katika hewa kavu, zikapitia usiku wa Juni na Julai wenye baridi, na kuiva bila kunyeshewa hata tone. Tunda huwa dogo na ganda huwa nene. Mwaka jana, asubuhi ya kuvuna, Mama alikamua tunda moja juu ya kioo cha kipimo cha sukari, akakielekeza kwenye jua na kusoma 23, yaani gramu 23 hivi za sukari katika kila gramu 100 za maji ya zabibu. Hakuridhika na namba hiyo peke yake. Alitafuna mbegu za zabibu kutoka mistari mitatu tofauti, akazitema kiganjani, akazitazama kama zimekuwa za kahawia na kama zinavunjika badala ya kuteleza kwenye meno, ndipo akawaruhusu wavunaji waanze. Machi mwaka huu, baada ya juma zima la mvua, kipimo hichohicho kilisoma 18. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, ulikuwa umeshaingia kwenye mistari iliyo karibu na korongo, na kila kichala kililazimika kupita mikononi mwa akina mama waliokuwa wakichambua kwa mikasi midogo, tunda bovu moja baada ya jingine. Sukari ndiyo hugeuka kuwa kilevi, na kwa kawaida gramu 17 hivi katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo msimu mmoja hutupatia mvinyo wa asilimia 13 na mwingine hautuvushi sana asilimia 10.

Kwa miaka yote tuliyotengeneza mvinyo tulilichukulia jambo hili kuwa aibu ya kufichwa. Mvinyo wa Machi uliingizwa kwenye tangi la Septemba, ladha ikasawazishwa, na mteja akapata chupa isiyobadilika. Mimi nimekuwa nikipinga utaratibu huo tangu nilipoanza kusimamia ghala, kwa sababu ulikuwa ukiupunguzia nguvu mvinyo mzuri wa kiangazi na kuunyima ule wa masika nafasi ya kuonyesha wema wake. Baba alihofia kwamba wateja wangedhani tumeshindwa kazi. Kikao cha familia kilikaa mara mbili, na Mama ndiye aliyekata shauri: kila mavuno yatiwe kwenye chupa yake, na mwezi wa kuvunwa uandikwe kwenye lebo.

Hofu ya Baba ninaielewa. Babu alipanda pingili za kwanza alizozipata kwa jirani aliyekuwa amezitoa Bihawana, kwenye misheni ambako wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, na kwa miongo mingi familia yetu iliuza matunda tu. Mnunuzi ndiye aliyepanga bei, na ndiye aliyepanga siku. Nilikuwa kidato cha pili mwaka ambao mnunuzi wetu, aliyeahidi kuja Jumatatu, alifika siku tisa baadaye na kutoa nusu ya bei iliyokubaliwa, kwa madai kwamba zabibu zimeanza kunyauka. Zilikuwa zimeanza kunyauka kweli, kwa kuwa tulimsubiri yeye. Baba aliikataa bei hiyo, akaazima madramu ya plastiki kwa jirani, akakamua kila kilichobaki na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi usiotiwa kwenye chupa, badala ya zabibu. Kiwanda chetu kidogo kilianzia kwenye madramu hayo, na mtu aliyepitia siku zile tisa ana haki ya kuwa mwangalifu na jina lake.

Chupa ya kwanza ni mvinyo mwekundu mkavu wa Septemba mwaka jana. Ulichacha pamoja na maganda kwa siku nane, na mara tatu kwa siku tuliyasukuma chini maganda yaliyokuwa yakielea ili yasikauke na ili rangi itoke. Kisha ulitulia kwenye tangi zaidi ya mwaka mzima, tukiuhamisha mara tatu kuutenga na mashapo. Una ukakasi unaoshika ulimi, na mwenzake wa kweli ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, kama ile ya mnadani Msalato. Ninashauri ukae nusu saa kwenye jokofu kabla ya kunywewa, kwa maana joto la kawaida la nyumba zetu humaliza harufu yake. Tumejaza chupa 1,140.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, nami sioni haja ya kuficha. Ni mvinyo wa rangi ya waridi wa Machi mwaka huu. Tuliyaacha maganda ndani ya maji ya zabibu kwa saa tano tu, tukayatoa, na kilichobaki kikachacha kama mvinyo mweupe. Uchachu ambao zamani tuliusikitikia sasa ndio unaoubeba mvinyo huu: ni mwepesi, unakata kiu, na una harufu inayonikumbusha ukwaju uliolowekwa. Tulijaribu kuunywa na perege wa Mtera waliokaangwa, na Baba aliongeza glasi bila kusema neno. Huu umetoa chupa 620 pekee, kwa kuwa karibu theluthi ya mavuno ya Machi iliishia kwenye lundo la mboji.

Zote mbili zina alama ya ubora ya TBS na stempu ya kielektroniki ya kodi ya TRA, nazo zinauzwa hapa nyumbani kwa watu waliotimiza miaka 18. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, tumekuwa tukipokea wageni kutoka Dar es Salaam wanaofika asubuhi na kurudi jioni. Tunawakaribisha Jumamosi, na Mama huwaonyesha mizabibu kabla ya kuwaonjesha chochote.

Lipo tangi la tatu ambalo silitangazi bado. Ni mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Chenin Blanc wa Agosti, mavuno ya kwanza kamili ya shamba la juu. Mvinyo mweupe hutaka kuchacha taratibu, kwenye nyuzi 16 au 18, na usiku wa nne umeme ulikatika hadi alfajiri. Tulilizungushia tangi magunia, tukawa tunayamwagia maji ya kisima kwa zamu, na bado joto lilipanda hadi nyuzi 25 kabla ya kushuka. Baba anaona kwamba hakuna kilichoharibika. Mama huonja kijiko kimoja kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili husema kwamba harufu ya tunda haijarudi. Hatutautia kwenye chupa hadi yeye atakaporidhika, na asiporidhika kabla ya mavuno ya Februari tutauuza kama mchuzi, kwa sababu tangi litakuwa linahitajika.