Mavazi ya Mwanamke Anayepanda Kilimanjaro
Mwanamke anayejiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, ningemsihi aanze na nguo inayogusa ngozi, kwa kuwa pamba hunyonya jasho na kukaa na unyevu unaompokonya mtu joto usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, halijoto inaposhuka chini ya nyuzi sifuri. Sufu laini ya kondoo aina ya merino au poliesta nyepesi hufaa zaidi.

Sidiria ya michezo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1977, ndiyo ninayoona inastahili kujaribiwa kwa makini kuliko vyote: mkanda wa chini ushike bila kubana pumzi, na kamba zisikwaruze mabega yatakayobeba mkoba. Koti lisilopitisha upepo wala mvua hupatikana hata kwenye mitumba, ila mishono na zipu zikaguliwe kwanza.