Siku ya Kazi Tabora, Mtani Wangu Akizikwa Kisarawe

Saa 11 alfajiri. Habari ilinifikia jana baada ya isha: Profesa, mwalimu wangu wa chuo, hatunaye, mazishi leo baada ya alasiri, kwao Kisarawe. Basi la kunifikisha kutoka Tabora kwa muda huo halipo. Nimekunywa chai ya rangi na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nikajiandaa kwenda kazini.

Saa 2. Ofisini. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, na siku hizi tunakagua vikundi vilivyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Nafungua fomu, nasoma, haziingii.

Saa 3 na nusu. Nyuma ya pikipiki, njia ya Uyui, vumbi tupu. Huku ndiko nilikomkumbuka vizuri.

Siku ya kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilisoma jina langu la Kinyamwezi, akaiweka orodha mezani. "Kumbe wala michembe, viazi vyenu vikavu, nao wamefika chuo! Nani kawaonesha njia?" Nikamjibu kuwa njia tunaijua tangu enzi za kubeba pembe za ndovu kwenda pwani, ila kila tukipita Uzaramo tuliwakuta kwenye ngoma ya mdundiko, hakuna hata wa kutupa maji. Darasa zima kimya, wakijua nimefukuzwa. Yeye alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, andikeni. Somo la leo ni utani."

Alitusomesha Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeeleza mwaka 1940 kwamba utani ni urafiki na uhasama vilivyochanganyika. Akatusomesha Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani kule Tanga, na makala yake ya 1944 kuhusu utani wa Tanganyika. Huyu wa ndege alimpenda zaidi, nadhani kwa sababu hakujifanya mjuaji. Ila lawama ya Profesa ilikuwa moja: wasomi wanasikia matusi, jembe hawalioni. Mpagazi wa Kinyamwezi akifia njia ya Bagamoyo, nduguze wako mwendo wa miezi. Nani atamchimbia kaburi? Mtani. Ndiyo maana alipotutuma misibani kufanya utafiti alitunyang'anya madaftari. "Osha vyombo kwanza. Utaandika kesho."

Saa 5. Kikundi cha wanawake wafugaji nyuki. Wanaomba fedha za mizinga ya mbao, maana ukichuna gome la muyombo utengeneze mzinga, mti wenyewe unakufa. Asali ilikuwa inachujwa kwenye kitambaa juu ya ndoo, nyeusi, inashuka kwa madaha, na nyuki wawili watatu wanaizunguka kudai chao. Mahesabu yao yako sawa kuliko ya vikundi vingi vya mjini.

Baba wa mwenyekiti, mzee sana, alikuwa kwenye kigoda. "Mbona mnyonge leo, mwanangu?"

"Nimefiwa na mwalimu wangu, baba. Mzaramo wa Kisarawe."

Akashusha kikombe. "Mzaramo? Mtani amekufa, na wewe umekaa hapa unahesabu mizinga? Nani kawazuilia jeneza mpaka walipe?"

Saa 9. Mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya shule. Nikapanda. Aliyepokea ni binti yake mkubwa. Nikampa pole, nikamwomba aniweke spika.

"Jamani, maiti haitoki hapo! Huyo Mzaramo ana deni letu la maji tangu enzi za pembe. Lilipwe kwanza, ndiyo azikwe!"

Kimya. Kisha vicheko, kwanza vya wazee wa kiume huko mbali, halafu wanawake, na mmoja akicheka huku analia, nikamtambua. Ni Mama, mkewe.

"Mwambie huyo mla michembe," akasema, "mdaiwa kajiondokea makusudi, anajua tabia zao. Aje arobaini tuhesabiane. Na asije mikono mitupu, alete asali."

Nikashuka, nikamfuata mweka hazina kumuuliza ndoo ya lita 20 wanauza bei gani.