Nilivyolipata toleo la Mei 1916 la jarida la The Saturday Evening Post

Aliyenishauri nibandike selotepu kwenye kurasa zilizochanika bado ananikera. Nilimwamini kwa sababu makabati yake yalijaa majarida ya zamani. Miaka michache baadaye selotepu zikabanduka zenyewe, gundi ikabaki imepenya karatasini kama mafuta, na tangazo zuri la gari la mwaka 1912 likawa na michirizi ya kahawia isiyotoka. Nilipoisugua kwa kifutio, wino nao ukaondoka. Ukurasa ukichanika, uache ulivyo. Utie kwenye mfuko wa plastiki angavu ya poliesta, nyuma uwekee kadibodi isiyo na asidi.

Nililolisaka kwa miaka saba ni The Saturday Evening Post la Marekani, toleo la 20 Mei 1916. Ndilo lenye jalada la kwanza mchoraji Norman Rockwell kulichorea jarida hilo, akiwa na miaka 22: mvulana ndani ya suti, amenuna, anasukuma kigari cha mtoto huku wenzake wenye sare za besiboli wakimcheka.

La kwanza kuletewa lilinitoa jasho. Bei yake ingemeza akiba yangu ya miezi kadhaa. Nikaomba nilikague kwanza. Nikazima taa ya chumba, nikamulika jalada kwa kitaa cha urujuanimno, kile cha kukagulia noti. Karatasi nyingi za kisasa hutiwa kemikali ya weupe, kwa hiyo chini ya mwanga huo hung'aa kibuluu. Ya 1916 haing'ai hivyo. Halikung'aa. Mkono ulishaelekea kwenye pochi.

Nikakumbuka lenzi ya kukuzia. Miaka ile majalada ya Post yalichapwa kwa wino wa rangi mbili tu, mweusi na mwekundu. Nikainamisha jicho kwenye ile nyekundu: vitone vya manjano vimetapakaa kote, na kwenye vivuli, vya buluu! Mashine ya leo ndiyo inayounda nyekundu kwa kuchanganya wino.

"Mbona kurasa za ndani ni za zamani?" muuzaji akauliza. Kweli, zilikuwa za zamani, zimegeuka njano kuanzia kingoni kuelekea katikati, kama karatasi ya rojo ya mbao inavyozeeka. Jalada lilikuwa na unjano sawasawa kila mahali. Kurasa za zamani walizivisha jalada bandia tu. Nikamrudishia.

Langu nililikuta mwaka uliofuata katikati ya boksi la majarida ya ufundi, kona moja imetafunwa na wadudu, kwa bei isiyofika nusu ya lile. Nililifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, likakaa kwenye friza wiki kadhaa ili wadudu wafe. Sasa limelazwa gizani, maana majarida ukiyasimamisha yanapinda.

Siku ya kulitoa nilikaa nalo saa nzima. Lenzi ilipofika kwenye mfuko wa suti ya yule mvulana nikaiona chupa ya maziwa ya mtoto imechomoza, na kote nilikopitisha jicho, nyeusi na nyekundu tu.